Kimeo Chako Hatukukikata

Mwanangu Sabra,

Alasiri tumeshaisali, nyumba imetulia, na mimi nimejivuta hapa ukumbini na karatasi zangu kabla wewe na mama yako hamjarudi kutoka Wete. Mmekwenda kutafuta sweta. Wanasema huko Iringa uendako kusoma, asubuhi mtu akizungumza hutoka moshi mdomoni, na mama yako tangu asikie hivyo hajatulia, kama vile unakwenda kulala ndani ya friji. Mambo ya nauli, ya simu, ya kutoliachia begi mkono hata ukisinzia, yote ameshakwambia, tena mara nyingi hadi kuku wa nyumba hii wameyahifadhi. Sitayarudia. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni la koo.

Jana asubuhi nilikusikia unakohoakohoa chumbani, kikohozi kile cha mtu anayejaribu kuondoa kitu kinachomkwaruza. Nikaacha chai yangu nikatoka. Nikakukuta nje karibu na bomba, gilasi mkononi, kichwa umekiinua juu, maji ya chumvi yanakoroma kooni mwako kama mashine ya boti. Ukatema, ukaniona nimesimama mlangoni nimekukodolea macho, ukacheka.

"Baba, usinitazame hivyo. Koo tu linawasha. Homa sina, na kumeza nameza."

Ukapita zako ndani. Nami nikabaki pale mlangoni, moyo umetulia kwa raha ambayo sikuweza kukueleza. Nikasema, huyu aende. Popote aende. Leo nataka nikueleze nilikuwa naona nini nilipokutazama, maana wewe ulikuwa mdogo, na yale unayoyakumbuka ni vipande tu.

Ulikuwa darasa la pili. Mama yako alikuwa Kojani, amekwenda kumtazama mdogo wake aliyejifungua, na bahari ilikuwa imechafuka, kwa hiyo hata kurudi haraka asingeweza. Tulibaki mimi na wewe. Mimi, mwanangu, wakati ule nilijua kupika wali na kukaanga samaki, na kukusuka nywele zikawa upande mmoja. Basi. Mtoto mgonjwa sikuwahi kumshika peke yangu. Mama yako alikuwa akishika, mimi nikisimama pembeni na kuuliza, "Vipi, hajambo?"

Uliamka hutaki mkate. Nikakuuliza nini, ukajishika shingo ukasema, "Baba, huku kuna miba." Nikakupapasa, kijoto kidogo. Pua inachuruzika. Nikajisemea, dawa naijua. Nikatwanga tangawizi na pilipili manga na karafuu, nikakamulia ndimu nzima, nikakuletea kikombe bado kinatoa povu la kuchemka, nikakwambia, "Kunywa, ikiwa ya moto ndiyo inatibu." Ulikunywa kwa sababu nilikwambia. Ukapiga ukelele hadi jirani akachungulia. Ulimi umeungua, koo limeungua, na sasa hukutaka hata maji.

Koo lililovimba, Sabra, ni kama kidole kilichojigonga mlango. Linataka kubembelezwa. Mimi nililigonga tena.

Baadaye nikakumbuka kabatini kulikuwa na vidonge vya rangi mbili vilivyobaki tangu jino langu liliponiuma. Nikavitoa. Nikakifungua kimoja, nikawa nautazama ule unga, nafikiria nusu yake nikutilie kwenye asali. Na hapo ndipo aliposimama mlangoni Shangazi yako Mwana.

Wewe Shangazi Mwana unamjua kwa mapenzi yake na kwa sauti yake. Lakini ujue kwangu mimi yule ni zaidi ya dada. Mama yetu alikuwa mtu wa kuumwaumwa, na aliyenibeba mgongoni, aliyeniogesha, aliyenipeleka chuoni kusoma Kurani na kunisubiri nje, ni yeye. Mpaka leo akiniita hujibu "naam" kabla sijajua kaniitia nini. Alikuwa amesikia ukelele wako, au ameambiwa. Aliingia bila hodi, akakukalisha mapajani, akakushika kidevu, akakwambia, "Achama." Ukaachama. Akatazama sana. Kisha akanitazama mimi, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Faki, ntoto ana kimeo huyu."

"Ana mafua, Dada."

"Mafua ndiyo haya? Njoo utazame. Kimeshuka kimelala juu ya ulimi. Wasubiri nini, kimzibe pumzi?"

Nikatazama. Kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya koo kilikuwa chekundu, kimenenepa, na kweli kilikuwa kimeshuka kidogo. Sikuwahi kukitazama kabla, kwa hiyo sikujua cha kawaida kinakuwaje. Nilichojua ni kwamba mimi sinacho.

Hili bado sijakwambia. Mimi nilikatwa. Nilikuwa na umri kama wako wa siku ile, au chini kidogo. Nilikuwa nakohoa, wakasema ni kimeo, akaja mzee mmoja na mkoba wake. Nakumbuka nilikaliwa miguu. Nakumbuka kijiti kilichowekwa katikati ya meno yangu nisije nikafunga mdomo, na kisu chembamba kilichopinda ncha, na ladha ya chuma, kisha damu, damu nyingi nikaimeza nikaitapika, na dada yangu amenishika kichwa huku analia kuliko mimi. Siku nyingi sikula kitu kigumu. Nikapona, alhamdulillahi. Wapo ambao hawakupona, na hao watu hawakuwazungumza sana. Lakini Sabra, baada ya kupona, msimu wa baridi ulipofika koo likaniuma tena. Na mwaka uliofuata likaniuma. Na mpaka leo, mimi nisiye na kimeo, koo huniuma kama mtu mwingine yeyote. Jambo hili lilikuwa mbele ya macho yangu maisha yangu yote, na sikuwahi kulifikiria hadi siku ile uliponitazama kutoka mapajani kwa shangazi yako, mdomo wazi, machozi yanakutoka.

Dada akasema yupo mkataji kule Shumba, mtu wa kuaminika, mkono wake mwepesi. Angepeleka salamu, na asubuhi angekuja na bodaboda tukupeleke. "Wewe mshike tu," alisema, "mimi nitamshika kichwa."

Sikusema ndiyo. Lakini sikusema hapana. Nilisema, "Basi, Dada." Na "basi, Dada" kwa jinsi tulivyolelewa ni ndiyo.

Asubuhi yake niliamka mapema, nikakuvisha kanzu yako ya kijani. Uliniuliza, "Baba, tunakwenda wapi?" Nikataka kukwambia Shumba, mdomo ukakataa. Nikasema, "Twende kwanza kwa Bi Raya." Hilo neno "kwanza" lilinitoka lenyewe, na ndilo lililotuokoa. Nikakupakia mbele ya baskeli, tukapita njia ya nyuma ili tusikutane na bodaboda ya shangazi yako. Ndiyo, nilimkimbia dada yangu kwa baskeli, mtu mzima na ndevu zangu.

Bi Raya alikuwa muuguzi kituo cha afya, mwanamke mfupi, mpole, asiyeharakisha maneno. Kulikuwa na foleni. Tulipoingia nikamwambia yote kwa mpigo mmoja: miba, chai, kimeo, Shumba. Nikatoa na vile vidonge mfukoni. Akavitazama, akaviweka kando, akakugeukia wewe.

"Jina lako nani, bibi?"

"Sabra."

"Sabra, hebu niimbie aaa, kama unamwita mtu yuko ng'ambo."

Ukaimba aaa. Akamulika kwa tochi, akakushika shingo huku na huku, akakupima homa, akakupa maji kidogo ukanywa, akatazama unavyomeza. Akakusikiliza kifua. Mimi nimesimama, nimeshika kiti kwa mikono miwili.

"Koo limevimba kwa sababu ya mafua," alisema. "Na kimeo kiko humo humo kooni, Mzee Faki, kwa nini kisivimbe na chenyewe? Koo likipoa, nacho kitapanda. Hakina kosa. Ukikikata utamwongezea mtoto kidonda juu ya koo linalouma, na damu ya pale mtu haijui itasimama wapi."

"Kwa hiyo hana ugonjwa?"

"Ana mafua. Mafua yatakwenda yenyewe. Kazi yako ni kumpunguzia maumivu wakati yanakwenda."

Akaniambia cha kufanya, nami nikawa narudia maneno yake kama mwanafunzi. Maji ya uvuguvugu, ya kuweza kutia kidole bila kuruka, nusu kijiko kidogo cha chumvi kwenye gilasi, mtoto asukutue hadi kooni kisha ateme, asimeze. Arudie kila koo linapomkera. Asali kijiko kidogo, peke yake au kwenye maji ya uvuguvugu yenye ndimu kidogo, na asali mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asiguswe nayo. Chai ya tangawizi si mbaya, ila iwe nyepesi na ipoe. Kama kitu baridi ndicho kinachomfaa, apewe baridi. Uji, supu, ndizi iliyoiva, chochote kinachoteleza. Maji anywe sana. Maumivu yakizidi, panadoli kwa kipimo cha umri wake, wala si cha mtu mzima kilichogawanywa kwa kukisia. Na alale.

"Na hivi?" nikamwonyesha vidonge vya rangi mbili.

"Hivi nitavitupa mimi. Havitibu mafua. Na dawa aliyoandikiwa mtu kwa jino lake, koo la mtoto halihusu."

Kisha akanishika mkono, akaniambia la mwisho, na hili Sabra nakuandikia kama nilivyolisikia, kwa sababu huko uendako mimi sitakuwepo. Alisema koo dogo hutibiwa nyumbani, lakini yapo makoo ambayo nyumbani si mahali pake. Mtu akishindwa kumeza hata mate yake, au akawa anavuta pumzi kwa shida au kwa mlio, au mdomo haufunguki, au shingo imevimba, hapo usikae kuchemsha tangawizi, nenda hospitali saa ile ile. Homa kali isiyoshuka, nenda. Koo lenye homa na madoa meupe, na mtu hana mafua wala kikohozi, nenda ukapimwe, maana koo la namna ile likipuuzwa linaweza kuja kuuharibu moyo, na ukipewa dawa yake uimalize yote hata ukijiona umepona. Na hata koo la kawaida, likipitisha wiki halijakuacha, nenda.

Tuliporudi, dada alikuwa amekaa kizingitini kwetu. Bodaboda imesimama kivulini, kijana wake amelala juu yake. Dada hakuinuka.

"Mmetoka wapi?"

"Kituoni. Bi Raya kasema si kimeo, Dada. Ni mafua."

"Bi Raya." Akalitamka jina lile polepole. "Mimi nimekulea wewe, Faki. Nimekubeba huku mgongoni. Leo nakwambia ntoto ana kimeo, wewe waniacha hapa kama ombaomba, wakimbilia kwa mtu wa koti jeupe?"

"Dada, mimi nilikatwa. Na koo laniuma mpaka leo."

"Lakini uko hai!"

Alilisema hilo kwa sauti ambayo sikuijua. Kijana wa bodaboda aliamka. Nikadhani ni hasira. Nikasema, na sauti yangu ilikuwa inatetemeka, mimi ninayenadi samaki mbele ya watu soko zima: "Hakatwi, Dada. Niwie radhi. Hakatwi."

Aliinuka, akapangusa buibui lake, akaondoka kwa miguu. Hata bodaboda hakuipanda. Maji niliyomletea hakuyagusa.

Siku zile sikwenda kazini. Nilimwambia mwenzangu aninadie. Na nilikuwa na hofu, mwanangu, sitakuficha. Kumkatalia dada yangu kulikuwa kuzito, lakini kizito zaidi kilikuwa kile alichosema: kimzibe pumzi. Mchana ulipolala nilikuwa nasogeza sikio karibu na mdomo wako nisikie unavyopumua, mpaka ukaniambia, "Baba, ndevu zako zaniwasha." Kusukutua hukutaka, ulisema maji ya chumvi ni ya bahari. Ndipo nikachukua gilasi yangu, nikasema tushindane, atakayekoroma kwa muda mrefu ndiye mshindi. Tukasimama nje pale pale ulipokuwa jana, baba na mwana, vichwa juu, tunakoroma. Ulicheka hadi maji yakakutoka puani. Jirani alidhani nimerukwa na akili. Sikujali. Baada ya hapo ulikuwa unaniita mwenyewe, "Baba, twende tukashindane."

Nilijifunza unachokipenda. Uji wa mchele wenye tui uliukubali, ukiwa umepoa. Madafu uliyapenda zaidi ya yote. Asali ulilamba na kijiko ukakirudisha kikiwa kinang'aa. Kidogo kidogo ile miba ikawa mchanga, kisha mchanga ukawa mwasho tu. Na asubuhi moja, nimo jikoni, nikasikia ukelele. Nikatoka mbio, kumbe unamfokea mbuzi wa jirani aliyekula daftari lako la skuli. Ulimfokea kwa sauti kamili, sauti ya mtoto wa dalali. Kisha ukanigeukia ukasema una njaa, unataka pweza wa nazi.

Nilikaa chini pale pale uani. Nilikushika, nikakuambia uachame, nikakumulika. Kimeo chako kilikuwa kimepanda, chembamba, cha rangi ya waridi, kimetulia mahali pake. Nilikwenda Tumbe nikamtafuta pweza mwenyewe, na wenzangu walinicheka kwa namna nilivyokuwa natabasamu na samaki.

Mama yako aliporudi nilimsimulia. Akasema, "Lau ningekuwepo mimi, labda ningekubali. Dada Mwana nisingeweza kumkatalia." Sikwambii hili kumshusha mama yako. Nakuandikia ujue kwamba wazazi wako hawakuwa wajuzi. Tulikuwa watu wawili wenye kuogopa, na siku ile mmoja wetu alibahatika kuuliza kwanza.

Dada hakuja kwetu muda mrefu. Nilikuwa nakwenda mimi. Nakutana naye, namwamkia, ananiitikia, anazungumza na ukuta. Ulipona, alisikia umepona, hakusema kitu. Nilidhani ni kiburi. Mpaka siku moja nilimkuta peke yake anachambua karafuu, nikakaa nikamsaidia, na bila kuulizwa akaanza.

Alisema kabla yangu walikuwa na kaka mwingine, Shaame. Jina hilo nilikuwa nimelisikia mara moja au mbili, kama jina la mtoto aliyekufa mdogo, na katika nyumba za zamani watoto waliokufa wadogo hawakuzungumzwa. Shaame aliugua koo. Shingo ilivimba ikawa pana kama kichwa. Mama akamwambia Mwana, ambaye alikuwa msichana mdogo tu, kimbia ukamwite mkata kimeo. Mwana akaenda. Njiani kulikuwa na mzambarau, zambarau zimeiva zimeanguka chini. Akasimama akaokota. Hakukaa sana, alisema, kiasi cha kujaza ukingo wa nguo yake. Aliporudi na yule mzee, Shaame alikuwa ameshafunikwa.

"Mama hakunipiga," dada alisema. "Alisema tu, lau mngewahi. Neno hilo hilo mpaka anakufa."

Mikono yake iliendelea kuchambua karafuu. Yangu ilikuwa imesimama. Nikaelewa kwa nini mimi nilikatwa mapema vile, kwa kikohozi tu. Na nikaelewa kwa nini alisema "uko hai".

Nikamwambia, "Dada, twende kwa Bi Raya."

"Kufanya nini? Mimi siumwi."

"Twende tu."

Alikuja, sijui kwa nini alikubali. Labda alikuwa amechoka. Alimsimulia Bi Raya yote, shingo, pumzi, ile ngozi ya kijivu iliyokuwa kooni mwa Shaame, ambayo mimi hakuniambia. Bi Raya alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema yeye hawezi kuapa juu ya mtoto ambaye hakumwona, lakini kwa hayo anayosimuliwa, ule unafanana na ugonjwa wa dondakoo, ambao siku hizi watoto huchanjwa wakiwa wachanga. Akasema, "Bi Mwana, ugonjwa ule hauko kwenye kimeo. Unaziba njia ya pumzi yenyewe. Mkata kimeo hata angekuwa amekaa ndani ya nyumba yenu, asingemfungulia."

Dada akauliza, "Hata ningekwenda mbio?"

"Hata ungekwenda mbio."

"Bila kusimama?"

"Bila kusimama, Bi Mwana."

Dada akavuta ncha ya mtandio wake akajifunika uso, na mabega yakaanza kumtikisika. Bi Raya alifunga mlango, foleni ikasubiri. Tulipotoka, dada yangu alisimama kwanza nje ya kituo kama mtu aliyetua mzigo na bado hajazoea mgongo mtupu. Kisha akanitazama, akasema, "Faki, na Sabra anakula?" Nikamwambia anakula mpaka pweza wanatukimbia. Akacheka. Tangu siku hiyo ndiyo akarudi kuja kwetu, na ndiyo maana wewe unamkumbuka kwa sauti na kicheko tu.

Basi hivi ndivyo nilivyokuwa nakuona jana kwenye bomba. Huko Iringa koo litakuuma. Baridi, vumbi, na wewe unasomea ualimu, utasimama mbele ya watoto wengi upaze sauti. Kwa hilo nina ujuzi wa kazi yangu mwenyewe: siku sauti imekauka usijaribu kuibana kwa kunong'ona, kunong'ona kunachosha koo kuliko kusema polepole. Miaka yangu ya mwanzo ya kunadi nilikuwa nanong'ona nyumbani kutwa nikidhani napumzisha koo, na kesho yake soko lote linanicheka. Nyamaza, unywe maji. Na baridi ikikushika, usiingize jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha, hata wenzako wakifanya. Vaa hilo sweta mnalolitafuta.

Na ukija kuwa mbali nasi, ukaumwa, na mtu mwenye kukupenda sana akakwambia fanya hivi haraka, usimdharau. Mara nyingi mwenye haraka ana kitu kinachomuuma tangu zamani. Mpe heshima yake. Ila wewe nenda kaulize kwanza.

Leo asubuhi nilipita kwa shangazi yako kumwomba ruhusa ya kukuandikia habari hizi, kwa kuwa ni zake kuliko zangu. Nilidhani atakataa. Alikuwa anafagia. Akauegemea ufagio, akafikiri kidogo, akasema:

"Mwandikie. Mwambie alikuwa na ami yake mwengine, anaitwa Shaame."

Nimekuandikia. Mungu akufikishe salama, akupe afya, na akujaalie watu wema huko.

Baba yako,
Faki